Zinki salfeti kwenye karanga, Masasi: mfuko wa kwanza ulinichomea majani, wa pili nitaununua tena

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu mnaolima karanga huku kusini, Masasi, Nanyumbu, Nachingwea, Ruangwa, mpaka Newala kwenye mchanga mwekundu, na hasa wewe ambaye karanga zako kila mwaka zinabaki fupi, majani ya juu madogo madogo yana umanjano katikati ya mishipa, na kila unayemuuliza anakupa dawa yake. Nimetumia zinki salfeti misimu miwili kwenye shamba letu la ukoo nje kidogo ya Masasi, wa kwanza nikaharibikiwa, wa pili nikapata, na kilicholeta tofauti sio mvua wala mbegu (misimu yote nilipanda Pendo, ile ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, ya mwaka 1998 ambayo wengi wetu bado tunaing'ang'ania), ni mfuko wenyewe, na mtu aliyeniuzia, na mimi kujua shamba langu linakosa nini. Kwa hiyo nitaongelea bidhaa na nitaongelea maduka mawili ya pembejeo niliyonunua, majina siyataji yote mawili.

Shamba lenyewe ni kichanga, kile cha kijivu kijivu, ukichota mkononi kinakumwagikia vidoleni hata kikiwa na unyevu. Limelimwa tangu enzi za bibi, mihogo, karanga, ufuta, mbaazi, halafu karanga tena, na kila mwaka tukishang'oa karanga yale majani tunabeba tunapelekea mbuzi, samadi ya hao mbuzi hairudi shambani inaishia kwenye bustani ya mboga pale nyumbani. Sasa hebu piga hesabu mwenyewe miaka yote hiyo. Mchanga hauna uwezo wa kushika virutubisho kama udongo wenye mboji, na zinki ni kitu ambacho mmea unakihitaji kidogo sana lakini bila hicho kidogo homoni ya kukuza machipukizi haitengenezwi vizuri, ndo maana unaona mmea umefupika, pingili zimekaribiana, jani dogo, umanjano kati ya mishipa, wakati mwingine kikonyo cha jani na shina vinakuwa na wekundu fulani. Mimi niliona hivyo vyote upande wa juu wa shamba miaka mitatu mfululizo nikawa nadhani ni jua.

Msimu wa kwanza. Nikaenda duka la kwanza, hapa hapa Masasi mjini, nikamweleza kaka pale kaunta dalili zote, akaniambia bila kufikiri "hiyo zinki dada, ipo", akaingia stoo akatoka na mfuko wa nailoni umefungwa fundo, ndani unga mweupe wa chenga chenga kama sukari, kilo mbili, elfu nne kwa kilo. Hakuna lebo. Hakuna asilimia. Hakuna tarehe. Nikamuuliza natumiaje akasema vijiko kumi vya chakula kwa bomba la lita 16, na akaniuzia na busta moja ya maji yenye fosforasi nyingi, akasema changanya humo humo upige mara moja uokoe muda. Risiti nikaomba, akaandika kwenye kikaratasi "pembejeo" na bei.

Nilivyofika shamba nikafanya kama nilivyoambiwa, nilipomimina zinki juu ya ile busta maji yakageuka meupe kama tui la nazi, nikakoroga, nikadhani ndo dawa imechanganyika. Mistari minne tu noza ikaziba. Nikafungua, nikaosha, nikapuliza kwa mdomo (usifanye hivyo jamani, ni kemikali), mistari miwili ikaziba tena, chini ya bomba kulikuwa na tope jeupe zito limekaa kama uji wa muhogo. Nikaja kumwaga lile bomba, la pili nikaweka zinki peke yake na maji, vijiko vile vile kumi, nikapiga upande wote wa juu, saa nne asubuhi jua limeshakaa. Siku ya tatu majani yameungua kingo, kahawia, mengine yana madoa kama yamerushiwa mafuta ya moto. Mjomba alipokuja kuangalia alisimama pale mwanzo wa shamba muda mrefu hajasema kitu, na kwetu sisi mjomba ndiye mwenye neno kwenye ardhi, halafu akasema "Mwanangu, karanga haijawahi kuwekewa dawa ya duka hapa." Nilitamani anigombeze ingekuwa afadhali.

Sasa nieleze kilichotokea maana nilikuja kukijua baadae na yule kaka wa duka alipaswa kukijua kabla yangu. Kwanza, zinki na fosforasi ya kwenye maji haviendi bomba moja. Vinashikana vinakuwa kitu kigumu kisichoyeyuka, lile tope jeupe ndo zinki yangu na fosforasi yangu zote mbili zimekufa mle ndani, mmea haupati hata moja. Pili, zinki salfeti zinazouzwa ni za aina mbili na ukiziangalia kwa macho usiyezoea huwezi kujua, kuna yenye maji mengi ndani ya chenga zake ambayo zinki yake ni kama asilimia 21, na kuna iliyokaushwa ambayo inafika asilimia 33 na kuendelea. Kijiko kimoja cha ile ya pili ni kama kijiko kimoja na nusu cha ile ya kwanza! Ukipewa mfuko wa nailoni usio na lebo hujui umeshika ipi, kwa hiyo hata angenipa kipimo sahihi cha moja kingekuwa kosa kwa nyingine. Tatu, vijiko kumi ni vingi. Kipimo cha kupuliza majani kwa ile ya asilimia 21 ni gramu 5 kwa lita moja ya maji, maana yake bomba la lita 16 ni gramu 80 basi, na unaweka na chokaa iliyozimwa nusu ya uzito huo, gramu 40, uikoroge pembeni uichuje kwa kitambaa, kazi ya chokaa ni kupunguza ule ukali usichome jani. Vijiko kumi vya chakula vilivyojaa nilikuja kuvipima kwenye mzani wa duka la jirani vilikuwa karibu gramu 170, bila chokaa, juani. Wacha yaungue.

Nilirudi kwenye duka lile na tawi la karanga lililoungua mkononi. Yule kaka akaniambia wengine wametumia hawajalalamika. Sijapiga kelele, nimeondoka. Kilichoniuma zaidi sio hela elfu nane, ni kwamba pale kaunta siku hiyo hiyo kulikuwa na mzee mmoja katokea upande wa Mangaka anapimiwa mfuko ule ule, na yeye ndo kaja kwa boda mpaka Masasi kwa hela ya kubangaiza. Mbolea kupasuliwa mfuko wake halali na kupimwa kwa kilo bila maelezo yoyote ndo kunatuumiza wakulima wadogo, maana ni sisi tusioweza kununua kilo 25 kwa mpigo. Mbolea inayouzwa Tanzania inatakiwa iwe imesajiliwa na TFRA (mamlaka ya serikali inayodhibiti mbolea) na mfuko uwe na maelezo yake, sheria ya mbolea ipo tangu 2009, kwa hiyo ukidai lebo hujamuomba mtu fadhila.

Baada ya mavuno ya mwaka ule (mabaya) nikaamua kupima udongo kabla sijaweka kitu kingine chochote. Na hapa naomba msome polepole kidogo maana ndo sehemu iliyonisaidia kuliko zote. Nilichukua sampuli mbili tofauti, upande wa juu wenye karanga fupi na upande wa chini karibu na kichuguu ambako karanga hazina shida, kila upande nikatembea zigizaga nikachimba sehemu 15, kina cha kama sentimita 20, nikachanganya, nikaanika kivulini, nikafunga kama kilo moja kila mfuko. Dada mmoja aliyesomea kilimo alinionya jambo ambalo nisingelijua, usikusanyie udongo kwenye ndoo ya bati wala debe la mabati, kwa sababu yale mabati yamepakwa zinki, inadondokea kwenye udongo halafu majibu yanakuja shamba lina zinki tele kumbe ni ya ndoo. Tumia ndoo ya plastiki na jembe lisilo na mabati. Na ukipeleka Naliendele au maabara yoyote sema wazi kabisa kwamba unataka zinki ipimwe, vipimo vya kawaida mara nyingi ni pH (kipimo cha uchachu wa udongo), naitrojeni, fosforasi, potasiamu, zinki hawakupimii kama hujaomba.

Majibu yangu, juu zinki 0.3, chini 1.1, kwa kipimo cha miligramu kwenye kilo ya udongo, na mstari ambao wataalamu wengi wanautumia ni kama 0.6, chini ya hapo mmea una njaa, juu ya hapo kuweka zinki ni kupoteza hela. Shamba moja, mjomba mmoja, mita mia mbili katikati, upande mmoja una njaa na mwingine umeshiba! pH ilikuwa 5.7 juu na 5.9 chini, hiyo pH nitairudia huko mbele kwa sababu inahusu hatari.

Yani nilipoiona ile karatasi nilikumbuka habari za Waingereza na mradi wao wa karanga, wale walikuja 1947 na matrekta, wakaanzia Kongwa, wakaja Nachingwea hapa jirani, wakatengeneza bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, halafu mwaka 1951 serikali yao ikaufuta mradi, hela kama paundi milioni 36 zimeshapotea, na reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kule Kongwa mvua haikutosha na udongo ukikauka unakuwa mgumu kama zege, mambo ambayo mtu angeyajua kama angeanza kwa kuusoma udongo na mvua. Wao walikuwa na ndege na wahandisi. Mimi nilikuwa na ndoo ya plastiki na jembe, nikapata jibu nililolihitaji.

Duka la pili. Hili nililipata kwa kuelekezwa, dogo, lipo barabara ya kuelekea stendi, anauza dada kijana kwa makamo ya mdogo wangu wa mwisho. Nimeingia nikamwamkia, nikasema nataka zinki salfeti, cha kwanza kuniuliza "umepima udongo mama, au unaona dalili tu?" Nikamtolea karatasi. Akaisoma. Akaniambia upande wa chini usiweke. Huyu mtu alikuwa anakataa kuniuzia mara mbili ya nilichohitaji, hilo nimelibeba moyoni mpaka leo.

Mfuko wake ni wa kilo 5, umeshonwa kiwandani, lebo ipo, asilimia 21 ya zinki na salfa imeandikwa, namba ya toleo, tarehe, na namba ya usajili. Bei elfu sita kwa kilo, yaani ghali kuliko duka la kwanza, na risiti ya mashine nikapata. Malalamiko ninayo pia nisiseme uongo. Hakuwa nao dukani, nilisubiri siku tisa uje kutoka Dar na siku hizo mvua za Desemba zilikuwa zimeshaanza kuchungulia, nikawa silali. Na lebo yote ni ya Kiingereza tena maandishi madogo kama ya dawa ya macho, kipimo kimeandikwa kwa hekta, sisi huku tunahesabu kwa heka, mama mwenye darasa la saba anayelima nusu heka afanyeje hapo? Kampuni zinazoleta hizi bidhaa zinajua kabisa zinawauzia akina nani. Dada wa duka alichukua kalamu akaniandikia nyuma ya risiti hesabu zote kwa heka na kwa bomba, lakini hilo ni moyo wake, lingepaswa kuwa kwenye mfuko.

Nilivyofika nyumbani nikafanya na jaribio moja alilonifundisha huyo huyo dada, kwa sababu zinki salfeti inafanana sana na magnesiamu salfeti ambayo ni rahisi zaidi, na wenye tamaa wanaweza kukuchanganyia. Unayeyusha DAP kidogo (ile mbolea ya kupandia yenye fosforasi) kwenye maji, unachuja yawe safi, unayeyusha zinki yako kwenye glasi nyingine, unamimina ile ya DAP humo. Kama ni zinki yanatokea mabonge mazito meupe, kama ni magnesiamu hayatokei mabonge ya namna hiyo. Yangu yakaganda mara moja. Nikakaa nikatambua kwamba ndo kitu kile kile kilichoziba noza yangu mwaka uliopita, kwa hiyo hata mfuko wa duka la kwanza ulikuwa na zinki kweli, tatizo ni mtu aliyeuza bila kujua au bila kujali. Ila jaribio hili halikuambii ni asilimia ngapi, linakuambia ipo tu, usilitegemee zaidi ya hapo. Glasi ulizotumia usizirudishe jikoni.

Nilivyoweka. Upande wa juu nikapima vipande vitatu, kila kimoja mita 10 kwa 50, kimoja cha zinki ya kwenye udongo, kimoja cha kupuliza majani, kimoja sikuweka kitu. Upande wa chini vipande viwili, kimoja na zinki kimoja bila (dada wa duka alisema nisiweke lakini nilitaka kuona kwa macho yangu, nikachukua kipande kidogo tu). Kipimo cha udongoni kwa ile ya asilimia 21 ni kama kilo 10 kwa heka, kwa kipande changu ikatoka kilo moja na robo. Kilo moja na robo ukiimwaga kwenye eneo la mita 10 kwa 50 itaishia mikononi kabla hujafika katikati, kwa hiyo nikaichanganya na ndoo nzima ya mchanga mkavu, nikagawa ndoo mafungu manne na kipande nikakigawa robo nne, kila robo na fungu lake, ikaenea sawa. Halafu tukakatua kuifukia ndani ya udongo kabla ya kupanda, hilo ni la lazima kwa sababu zinki haitembei kwenye udongo, ukiiacha juu inakaa juu mizizi iko chini wanaangaliana. Na usiiweke shimo moja na DAP au TSP, zote ni mbolea za fosforasi, ni stori ile ile ya tope jeupe ila safari hii ardhini, fosforasi yangu niliiweka pembeni kwenye mfereji wake.

Kipande cha kupuliza nilipiga mara mbili, karanga zikiwa na wiki nne na tena baada ya wiki mbili, gramu 80 na chokaa gramu 40, saa kumi na moja jioni. Hakuna jani lililoungua. Hata moja.

Matokeo. Wiki ya sita mtu hakuhitaji kuambiwa, kipande cha zinki ya udongoni kilikuwa kimefunga mistari, kijani kimekolea, na kile kisichowekwa kitu bado unaona ardhi kati ya mistari. Kile cha kupuliza kilikuwa na umanjano mpaka siku chache baada ya bomba la kwanza, majani mapya yakaja kijani, ila yale ya zamani hayakurudi, na kimo hakikufika cha mwenzake. Nilipong'oa miche michache vinundu vya kwenye mizizi vilikuwa vingi na ndani vyekundu kwenye kipande cha zinki, wekundu ule ndo dalili kwamba vinafanya kazi ya kukamata naitrojeni. Mavuno, karanga kavu na maganda yake, zinki udongoni debe 9, kupuliza debe 8, bila kitu debe 7. Upande wa chini debe 10 kwa 10, hakuna tofauti hata ya kisado, dada alikuwa sahihi. Ni msimu mmoja na shamba moja, msije mkazichukua debe zangu mkazifanya zenu, shamba lako lina njaa yake. Lakini kwangu debe mbili za zaidi kwa kipande kile kwa gharama ya kama elfu saba na mia tano ya zinki, na zinki ya udongoni inabaki inafanya kazi misimu kadhaa bila kuongeza, hesabu ilinikaa vizuri.

Hiyo ya kubaki udongoni ndo inanileta kwenye hatari, na hapa naomba kwa dhati mnisikilize. Karanga ni katika mazao yanayodhurika haraka na zinki ikizidi. Sio mahindi. Mahindi yanavumilia, karanga hapana. Kule jimbo la Georgia, Marekani, ambako ndo kwenye karanga nyingi za nchi yao, wakulima waliolima karanga mahali palipokuwa na miti ya pikani (miti ya kokwa za kuliwa) iliyopuliziwa zinki miaka na miaka walikuta karanga zinadumaa, zinapata rangi ya zambarau, na shina linapasuka pale chini usawa wa udongo. Na udongo ukiwa na uchachu, pH chini ya 6, zinki inayeyuka zaidi na sumu inakuja haraka zaidi. pH yangu ni 5.7! Kwa hiyo mimi nimeweka mara moja, na siweki tena mpaka nipime, mtu akikuambia uweke zinki kila mwaka "kwa ajili ya uhakika" muulize uhakika wa nini. Ukishaizidisha hakuna namna ya kuitoa, unabaki kuongeza chokaa miaka na miaka kuituliza.

Pia msiitegemee zinki kwa mambo yasiyo yake. Ukikamua ganda ukakuta tupu au punje imesinyaa, mara nyingi hiyo ni njaa ya kalsiamu, karanga inanyonya kalsiamu kwa ganda lenyewe kule chini likiwa linakua, sio kwa kupitia mizizi peke yake, dawa yake ni jasi inayomwagwa wakati wa maua, na jasi inachimbwa hapa hapa kwetu mkoa wa Lindi upande wa Kilwa. Mche mmoja mmoja uliojikunja, majani madogo yamerundikana katikati, ukigeuza jani unakuta vidukari weusi, hiyo ni rozeti, ni virusi, hakuna zinki itakayoiponya, panda mapema na usiache mapengo shambani. Dalili za zinki kwangu zilikuwa eneo zima la udongo wa aina moja, sio mche huu na huu. Na wale mnaoniuliza kuhusu salfa ya mikorosho iliyobaki stoo, hapana, ile ni ya ubwiri unga na haina zinki ndani yake, jina tu limefanana na hii salfeti.

Tukija kwenye nyota, zinki yenyewe ya mfuko wenye lebo, naipa nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa sababu ya Kiingereza na vipimo vya hekta. Duka la kwanza nyota moja, na ningefurahi sana siku moja nirudi niibadilishe, kama wataacha kufungua mifuko na kupimia watu kwenye nailoni au angalau waandike asilimia kwa kalamu kwenye kila mfuko, ni sekunde kumi tu. Duka la pili tano, siku tisa za kusubiri nimezisamehe, ila dada agize mapema kuanzia Oktoba watu wakiwa na hela ya korosho mkononi, maana Desemba kila mtu anakimbizana na mvua.

Kwenye mfuko wa kilo 5 nilitumia kilo kama tatu hivi ukijumlisha udongo na bomba. Iliyobaki ipo kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya kichanja, mbali na unyevu kwa sababu inavuta maji na kuganda, na mbali na watoto. Wiki iliyopita mjomba amekuja, kakaa kwenye kigoda, kaulizia habari za nyumbani zote, mwisho kabisa akasema kile kipande kisichowekwa kitu kule juu mwaka huu kisiachwe hivyo hivyo. Nikamwambia sawa mjomba, kilo moja na robo ipo, tutaichanganya na mchanga.